Kuchagua matairi yanayolingana kwa gari la foo wili: mwongozo kwa wenye magari wa Tabora na Kigoma

Mwenye gari linaloendeshwa na magurudumu mawili tu akifunga tairi moja jipya pamoja na matatu yaliyolika nusu, gari lake huenda likavuta upande kidogo, na mara nyingi mambo huishia hapo. Mwenye gari la foo wili, yaani linaloweza kuendeshwa na magurudumu yote manne, akifanya vivyo hivyo, hasara huingia mahali asipopaona, yaani ndani ya difu (gia zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti) na ndani ya transfa (sanduku linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma), kisha hujitokeza baada ya miezi kwa mvumo chini ya sakafu au kwa harufu ya oili iliyoungua, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka lile tairi lililonunuliwa kwa haraka baada ya jingine kupasuka kati ya Sikonge na Ipole. Fundi hufungua difu, hubadilisha kilichokufa, na hulirudisha gari barabarani likiwa na matairi yale yale yaliyoleta maradhi.

Saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwanzo wa uchaguzi, wala si mwisho wake. Kinachotakiwa kulingana katika gari la foo wili ni umbali halisi ambao kila tairi huupiga katika mzunguko mmoja, likiwa na upepo wake na likiwa limebeba uzito wa gari, na umbali huo hupimwa kwa tepu, haukisiwi kwa macho.

Kinachotokea chini ya gari

Ili matairi manne yafike pamoja, tairi dogo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa. Ikiwa matairi mawili ya mbele ni madogo kuliko ya nyuma, basi vyuma vya mbele huzunguka kwa kasi kuliko vya nyuma muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka kabisa, na lazima kuwepo kitu katikati kinachomeza tofauti hiyo. Kitu hicho ni kipi hutegemea aina ya foo wili uliyonayo, na ni vizuri kuijua aina yako kabla ya kwenda dukani, kwa sababu si foo wili zote zinazodhurika kwa namna moja.

Aina ya kwanza ni ile inayounganishwa na dereva mwenyewe kwa wenzo wa transfa, kama Land Cruiser hardtop na pikapu za mfululizo wa 70, Hilux nyingi, na Suzuki Jimny. Katika 2H gari husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiweka 4H au 4L, mbele na nyuma hufungwa pamoja zizunguke kwa kasi moja, bila difu ya katikati. Hapo hakuna cha kumeza tofauti isipokuwa tairi lenyewe kuteleza ardhini. Kwenye kichanga cha Kaliua au kwenye tope la masika huko Uvinza, kuteleza ni rahisi na vyuma hupumua. Kwenye lami tairi halitelezi, kwa hiyo msokoto hujikusanya ndani ya ekseli na propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) hadi usukani unakuwa mzito, gari linarukaruka kwenye kona kali, na wenzo wa transfa unagoma kurudi 2H. Dawa ya dharura ni kurudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka ili msokoto ufunguke, lakini matairi yasiyolingana yatauleta tena dakika chache baadaye.

Aina ya pili ni foo wili ya kudumu yenye difu ya katikati, ambamo nguvu huenda mbele na nyuma wakati wote. Prado ni ya kundi hili, na RAV4 za foo wili za miaka ya 2000 hadi 2005 pia. Difu ya katikati huruhusu mbele na nyuma kupishana kwa kasi, jambo linalohitajika kwenye kona. Lakini kona hupita, ilhali tairi dogo halipiti. Katika RAV4 hizo difu ya katikati husaidiwa na ngoma iliyojaa sahani nyembamba zilizozama ndani ya majimaji mazito ya silikoni: sahani za mbele na za nyuma zikipishana sana, majimaji hupata joto na kuzibana. Kifaa hicho kiliundwa kufanya kazi kwa sekunde kadhaa gurudumu linapokwama. Kikilazimishwa kufanya kazi kutoka Tabora hadi Urambo bila kupumzika, majimaji yake hupikika, na tangu siku hiyo ama hakibani tena, ama kimebana moja kwa moja. Kwa Prado, jambo la kuongeza ni kwamba ukibonyeza kitufe cha kufunga difu ya katikati, gari lako limekuwa sawasawa na hardtop iliyo katika 4H, na maonyo yote ya hardtop yanakuhusu.

Aina ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, ni foo wili inayojiunganisha yenyewe, kama ile ya Nissan X-Trail au ya RAV4 za kuanzia 2006. Kwa kawaida magurudumu ya mbele ndiyo huvuta. Kompyuta husoma sensa za kasi kwenye kila gurudumu, na ikiona ya mbele yanazunguka haraka kuliko ya nyuma, huhesabu kwamba yameteleza, nayo hubana klachi ndogo iliyo karibu na difu ya nyuma ili magurudumu ya nyuma yasaidie. Kompyuta hii haijui kwamba ulinunua matairi madogo ya mbele. Inachokiona ni mtelezo usiokwisha, na inaweza kuendelea kuita msaada safari nzima huku klachi ikichemka. Taa ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) au ya foo wili ikiwaka kwenye dashibodi muda mfupi baada ya kubadilisha matairi, anza kwa kupima matairi kabla hujalipia kubadilishiwa sensa.

Kusoma namba, na kuipigia hesabu

Chukua namba 215/70R16. Ya kwanza, 215, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 70, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 150.5. R huonyesha kwamba nyuzi za tairi zimepangwa kwa mtindo wa radial, unaotumika karibu kwenye magari yote ya sasa. Ya mwisho, 16, ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ni milimita 406.4. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo kipenyo cha tairi zima ni 406.4 kujumlisha mara mbili ya 150.5, sawa na milimita 707.4. Zidisha kwa 3.14 upate mzingo, ambao ni takriban milimita 2,221.

Sasa chukua 235/60R16. Asilimia 60 ya 235 ni 141, mara mbili yake ni 282, ukijumlisha 406.4 unapata kipenyo cha milimita 688.4 na mzingo wa takriban milimita 2,162. Nimechagua saizi hizi mbili kwa makusudi. RAV4 za 2000 hadi 2005 zilitoka kiwandani zikiwa na saizi tofauti kulingana na toleo, na zote mbili hizi zimo. Mtu anayeingia dukani na kuuliza tu “mna tairi za RAV4?” anaweza kuuziwa yoyote kati ya hizo, muuzaji asiwe amedanganya. Zote zina rimu ya 16, zote zinafungika, na tairi la pili kwa kuwa ni pana zaidi huonekana kubwa, kumbe kwa kipenyo ndilo dogo.

Mbili zikikaa mbele na mbili nyuma, tofauti ya mzingo ni kama sentimita 6. Kwa kilomita moja, tairi kubwa huzunguka mara 450 na dogo mara 462. Mizunguko 12 kwa kilomita haionekani kuwa kitu, lakini kutoka Tabora hadi Urambo, safari ya takriban kilomita 90, inakuwa zaidi ya mizunguko 1,000 ambayo difu ya katikati imelazimika kuimeza bila kona hata moja kuihitaji.

Magari ya kizamani na yale ya kazi ngumu yana maandishi mengine. Hardtop nyingi hutumia 7.50R16, ambapo 7.50 ni upana kwa inchi na kimo cha ubavu hakikuandikwa. Kipenyo chake ni takriban sentimita 80, na ndiyo maana 235/85R16, yenye kipenyo cha milimita 806 kwa hesabu, huwa mbadala wake wa kawaida. Ukikuta 31x10.50R15, namba ya kwanza ni kipenyo chote kwa inchi, ya pili ni upana. Na ukikuta 7.50-16, yenye kistari mahali pa R, hilo ni tairi la mtindo wa zamani, ambalo mafundi wengi huliita la nailoni ili kulitofautisha na la waya, yaani lile lenye R. La nailoni na la waya hazichanganywi kwenye gari moja, hata kama vipenyo vimelingana kwenye karatasi, kwa sababu hujikunja tofauti zinapobeba mzigo na hushika barabara tofauti kwenye kona.

Saizi sahihi ya gari lako imeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kwenye ukingo wa mlango wenyewe. Magari mengi yetu yametoka Japani na maelezo yake ni ya Kijapani, lakini namba za saizi zinasomeka bila mkalimani. Pembeni ya saizi huwa kumeandikwa kiasi cha upepo kwa kilopaskali; gawanya kwa 6.9 upate PSI zinazotumika kwenye geji za hapa, kwa mfano kilopaskali 220 ni kama PSI 32. Usiichukue saizi kutoka kwenye tairi lililopo tayari kwenye gari, kwa sababu aliyekutangulia huenda alifunga alichokipata.

Namba moja, matairi mawili tofauti

Hapa ndipo wanunuzi waangalifu nao hunaswa. Matairi mawili yaliyoandikwa 265/70R16, moja la barabara na jingine lenye kashata (vipande vya raba vinavyokanyaga ardhi) ndefu za tope, hayana kipenyo kimoja. Kina cha kashata cha tairi jipya la barabara huwa karibu na milimita 8; la tope huweza kupita 12. Watengenezaji nao huruhusiwa kutofautiana kidogo kwenye saizi ile ile. Kwa sababu hiyo ninashauri matairi manne ya chapa moja na mchoro mmoja wa kashata, si kwa ajili ya urembo, bali kwa kuwa ni njia pekee ya kuwa na uhakika kabla ya kupima.

Kinyume chake pia kipo. BMW X5 zipo zilizotoka kiwandani na 255/50R19 mbele na 285/45R19 nyuma. Ukizipigia hesabu utaona vipenyo ni milimita 737.6 na 739.1, karibu sawa kabisa. Namba zimetofautiana, mzingo umelingana, na gari halina tatizo.

Halafu kuna kulika. Kila milimita moja ya kashata inayolika hupunguza kipenyo kwa milimita 2 na mzingo kwa zaidi kidogo ya milimita 6. Subaru, kampuni inayojulikana zaidi kwa foo wili zake za kudumu, hutaka mzingo wa matairi manne usitofautiane kwa zaidi ya takriban milimita 6, yaani milimita moja tu ya kashata. Watengenezaji wengine ni wapole zaidi, na kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Usipokuwa nacho, jiwekee kikomo cha milimita 2 za kashata kati ya tairi lililolika zaidi na lililolika kidogo. Tairi jipya la milimita 8 likikaa na lenye milimita 3, tofauti ya mzingo ni takriban milimita 31, mara tano ya kiasi ambacho Subaru inakivumilia.

Kupima kwa chaki na tepu

Geji ya kupimia kina cha kashata ni ya bei ndogo, lakini ukiikosa tumia kijiti chembamba na rula. Pima katika mifereji mikuu, mahali patatu kuzunguka tairi, nje, katikati na ndani, na uchukue kipimo kidogo zaidi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya raba vyenye urefu wa milimita 1.6, kashata zikifika usawa wake, tairi hilo limekwisha, na tunachokijadili hapa hakilihusu tena.

Kipimo bora zaidi, hata hivyo, ni cha mwendo wenyewe, kwa sababu kinahusisha uzito na upepo. Jaza upepo asubuhi, gari likiwa halijatembea, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko, kulia na kushoto sawasawa. Egesha mahali tambarare penye sakafu ngumu. Sakafu ya simenti ya kituo cha mafuta inafaa ukiomba ruhusa. Piga mstari wa chaki kwenye tairi pale linapogusa sakafu, ukiushusha hadi sakafuni. Sukuma gari mbele polepole, usukani ukiwa umenyooka, hadi alama ya tairi igonge tena chini mara ya tatu, kisha piga mstari mwingine sakafuni. Pima umbali kati ya mistari miwili na ugawanye kwa tatu. Mizunguko mitatu hupunguza kosa la mkono: ukikosea sentimita moja katika mita 6 na zaidi, kosa lako kwa kila mzunguko ni milimita 3 tu. Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150 na haitoshi hata mzunguko mmoja, kwa hiyo azima tepu ya chuma ya fundi ujenzi, na iwe ya mita 8 au zaidi, kwani ya mita 5 itakuishia njiani.

Usishangae umbali ukiwa pungufu ya mzingo uliopigiwa hesabu. Tairi lililobeba gari hubonyea chini, na mzunguko wake hufupika kwa asilimia kadhaa. Unachotafuta ni ulinganifu wa manne wenyewe kwa wenyewe, si ulinganifu na karatasi. Kama tairi moja linatofautiana na mengine, ongeza au punguza upepo kwanza ujiridhishe, kwani PSI 8 zilizopotea huweza kukuchanganya.

Ukiwa dukani, ambako matairi hayajafungwa, zungusha kamba isiyovutika katikati ya kashata za kila tairi na ulinganishe kamba hizo. Muuzaji anaweza kucheka. Mwache acheke, kamba ni ya kwako na difu ni ya kwako.

Mzigo, umri, na matairi ya theluji

Baada ya saizi huja namba ya mzigo na herufi ya kasi, kwa mfano 112S. Namba 112 maana yake tairi moja hubeba hadi kilo 1,120; 100 ni kilo 800; 95 ni kilo 690. Herufi S ni kasi ya hadi kilomita 180 kwa saa, na hiyo inatosha kwa barabara yoyote ya hapa. Namba ya mzigo ndiyo ya kutazamwa. Pikapu inayotoa marobota ya tumbaku vijijini Urambo haifai kufungwa matairi ya gari la familia eti kwa kuwa kipenyo kimelingana. Ubavu laini hujikunja, hupata joto, na hupasuka. Usishuke chini ya namba iliyomo kwenye kibandiko, na manne yote yawe na namba ile ile.

Umri husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa matairi ya mtumba jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kashata zinaweza kuwa nyingi huku raba ikiwa imekauka na kuanza kupasuka ubavuni. Ukilazimika kununua mtumba kwa ajili ya foo wili, tafuta manne yaliyotoka kwenye gari moja: tarehe zinakaribiana, chapa moja, kulika kwa namna moja.

Magari yanayotoka Japani huweza kuja na matairi ya theluji, yenye neno STUDLESS ubavuni au mchoro wa mlima wenye kipande cha theluji ndani yake, na kashata zilizochanjwa mistari mingi myembamba ya kupindapinda. Raba yake ni laini ili ifanye kazi kwenye baridi kali, na kwenye lami ya moto ya Nzega wakati wa Septemba na Oktoba hulika haraka. Atakayebadilisha mawili tu kati ya hayo, akaacha mawili, atajikuta baada ya muda mfupi ana ekseli mbili zisizolingana, hata kama siku ya kufunga zililingana. Yaondoke yote manne kwa pamoja.

Tairi moja likifa

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, kwa sababu matairi hayafi manne kwa mpigo. Kokoto kali imechana ubavu mmoja, matatu yaliyobaki ni mazima, na fedha za manne hazipo.

Pima kwanza yale matatu. Yakiwa yamelika kwa chini ya milimita 2, jipya moja la chapa ile ile litafaa. Yakiwa yamelika zaidi, tafuta lililotumika lenye kashata zinazokaribiana na yako. Ni kazi ya kuzunguka maduka, lakini inawezekana. Njia ya kununua mawili na kuyafunga kwenye ekseli moja hukubalika pale tu ambapo tofauti kati ya mapya na ya zamani haipiti kikomo cha gari lako. Katika hali hiyo yenye kashata nyingi yakae nyuma, kwa usalama wa gari kwenye mvua. Kwa hardtop au Hilux inayotembea katika 2H karibu muda wote una nafasi zaidi, mradi matairi ya ekseli moja yawe sawa, na ukumbuke tofauti hiyo siku utakayohitaji 4H kwenye barabara ngumu.

Ukikwama porini na tairi la akiba ni la saizi tofauti, kuna namna ya kufika bila kuua kitu. Kwa foo wili ya kuunganisha kwa mkono, fungua hab za mbele (vifungio vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na ekseli), baki 2H, na tairi lisilolingana lifungwe mbele, ambako linazunguka bure. Likikaa nyuma, litailazimisha difu ya nyuma kufanya kazi njia nzima, na difu yenye klachi za kuzuia mtelezo ndiyo itakayoumia zaidi. Kwa X-Trail, geuza kitufe hadi 2WD. Subaru nyingi za otomatiki za zamani zina tundu la fyuzi lililoandikwa FWD chini ya boneti. Ukiweka fyuzi hapo, foo wili huachiwa. Kwa Prado, hakikisha difu ya katikati haijafungwa. Kwa yote, nenda polepole na uishie kituo cha karibu. Yale matairi membamba ya akiba yenye herufi T mbele ya namba yameandikwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, nayo hayakutengenezwa kwa barabara ya vumbi kutoka Ipole hadi Rungwa. Ukiwa na gari lenye tairi la namna hiyo na unaishi katika mikoa hii, nunua la tano lililo kamili, nafasi ikiruhusu.

La tano likiwepo, litumie. Dereva anayeacha tairi la akiba likae jipya miaka mitatu amejitengenezea tofauti ya milimita 5 atakayoifunga siku ya pancha. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000, lifungwe nyuma kulia, la nyuma kulia liende mbele kulia, la mbele kulia liende nyuma kushoto, la nyuma kushoto liende mbele kushoto, na la mbele kushoto liwe la akiba. Matairi yenye mshale wa mwelekeo ubavuni hayafai kwa mpango huu, kwani hayahami upande bila kuvuliwa kwenye rimu.

Kuhusu kuongeza ukubwa

Wengi hutaka matairi makubwa ili gari linyanyuke. Kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16 kipenyo hukua kutoka milimita 777 hadi 804, yaani asilimia 3.4, lakini ekseli huinuka kwa nusu tu ya ongezeko hilo, milimita 13, unene wa kidole. Kwa faida hiyo dashibodi itasema 80 ukiwa kwenye karibu 83, breki zitakuwa na kazi zaidi, na tairi linaweza kusugua madigadi usukani ukikatwa hadi mwisho gari likiwa na mzigo. Asilimia 3 juu au chini ya saizi ya kiwandani ndiyo mpaka unaokubalika kwa kawaida, tena kwa manne yote pamoja. Upana nao una rimu yake: 265/70R16 huhitaji rimu ya upana wa inchi 7 hadi 9, na upana huo umechongwa kwenye rimu kwa mtindo wa 16x7J. Kwa udongo mweusi wa mbuga za Igunga, tairi pana mno huelea juu ya tope na kuteleza, ilhali la saizi ya kawaida hukata hadi lifikie pagumu. Sioni sababu ya kutoka kwenye saizi ya kiwandani kwa mtu asiyekuwa na kazi maalumu.

Kwenye kichanga, upepo ukipunguzwa, upunguzwe manne yote kwa kiasi kimoja, na urudishwe kabla ya kuingia lami.

Matairi yakishafungwa, weka namba za DOT, kina cha kashata na kipimo cha chaki cha kila gurudumu kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Safari ya kwanza ndefu ikiisha, sogeza mkono karibu na difu ya nyuma na transfa bila kuvigusa: vuguvugu ni kawaida, lakini joto linalofanya uuondoe mkono mara moja, au harufu ya oili, ni sababu ya kuitoa tepu tena kabla ya safari ya pili.